Treni ya Malampaka

Mtu wa Kiloleli, huku Usukuma, ukimwambia anaishi juu atakucheka. Juu wapi? Kwetu ni tambarare: mbuga nyeusi inayonasa kwato za ng'ombe wakati wa masika, mashamba ya pamba, mawe ya matale yaliyobebana huku na kule. Mlima wa kumchosha mzee haupo. Lakini uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Nilipokuwa nafundisha jiografia niliwaambia wanafunzi wachemshe maji wenyewe, watie kipimajoto, wasome. Yalichemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kitabu chao kilisema 100. Siku zote alitokea mmoja wa kunyoosha kidole: "Mwalimu, hiki kipimajoto kibovu." Kipimajoto kilikuwa kizima. Aliyeandika kitabu ndiye aliyekuwa akiwafikiria watu wa pwani.

Mzungu wa kwanza kupita Usukuma akielekea ziwani alipima kimo kwa mbinu hiyohiyo ya kuchemsha maji. John Hanning Speke aliondoka Kaze, ambayo leo ni Tabora, tarehe 9 Julai 1858. Mwenzake Richard Burton alibaki nyuma, na Speke akafuatana na Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila yeye asingeelewana na mtu yeyote njiani. Tarehe 3 Agosti waliliona ziwa pale Mwanza. Speke akachemsha maji, akasoma kipimajoto, akapiga hesabu na kupata kimo kisichokuwa mbali na kinachojulikana leo. Safari ile iliwachukua siku ishirini na kitu kwa miguu. Miaka 70 baadaye reli ilikuja ikaunganisha miji hiyohiyo miwili, ikifuata takribani uelekeo uleule, na tangu hapo ukawa ni mwendo wa usiku mmoja. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa wameikanyaga njia hiyo vizazi kwa vizazi kabla Speke hajazaliwa, ila hakuna aliyewauliza kimo.

Reli yenyewe ilichelewa kutufikia, na sababu yake ni ya kuudhi kidogo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, kazi ikashikwa na kampuni ya Philipp Holzmann. Walifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 wakagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka baharini. Wengi wa vibarua wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara kichwani na mabegani, ambao sasa walibebeshwa vyuma vya kitu kitakachowaondolea kazi. Walipofika Tabora walinyoosha moja kwa moja magharibi. Usukuma, pamoja na ng'ombe na watu wake wote, ukabaki kaskazini bila reli.

Basi mali yetu ilitoka kwa mlango wa jirani. Waingereza walikuwa wamefikisha reli yao ya Uganda hadi Kisumu mwaka 1901, na meli zao zilizunguka ziwa. Ngozi, samli na baadaye pamba ya Usukuma zilipakiwa Mwanza, zikavuka maji hadi Kisumu, zikapandishwa behewani kwenda Mombasa. Itazame njia hiyo kwenye ramani ya kimo. Ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwetu ilipanda hadi vilele vya Mau, zaidi ya mita 2,500, kwenye baridi ya kuumiza masikio, ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda tena upande wa pili, na ndipo ikaanza kuitafuta bahari. Nchi yetu ilitawaliwa kutoka Dar es Salaam na ikauza mali yake kupitia Mombasa.

Vita Kuu ya Kwanza ilibadilisha wenye nyumba. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani wakarudi nyuma wakivunja madaraja yao wenyewe, na vita vilipokwisha Waingereza wakaikuta mikononi mwao reli isiyofika mahali penye pamba. Mwaka 1925, mwaka ambao Gavana Donald Cameron aliwasili, ujenzi wa tawi la Tabora kwenda Mwanza ulianza. Agosti 1928 reli ikafika ziwani: kilomita 379 hivi kupitia Bukene, Isaka, Shinyanga, Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela. Majina haya mwanafunzi wa zamani wa kanda ya ziwa anayajua kwa mpangilio kama sala.

Angalia tena orodha hiyo. Bariadi haimo, wala Kiloleli. Reli ilipita Malampaka, ukingo wa magharibi wa Maswa, ikatuacha mashariki. Sisi tulikuwa na njia mbili tu za kuipata: kuteremka Mwanza, au kukata kupitia Bariadi na Maswa hadi Malampaka. Kwa hiyo Malampaka, kijiji ambacho wasafiri wa pwani hawakikumbuki, kwetu lilikuwa jina kubwa. Nilipokuwa mdogo mtu akisema "amekwenda Malampaka" tulielewa kwamba huyo hatarudi leo wala kesho.

Kilichoijaza stesheni ile ni pamba. Nyuzi zilitoka viwanda vya kuchambulia zikiwa zimeshindiliwa kwenye marobota yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kila robota ratili 400, yaani kilo 181. Robota halibebwi na mtu mmoja. Linabiringishwa, linainuliwa na watu wanne kwa kuitikiana, linasukumwa ndani ya behewa. Viwanda vingi vilikuwa vya Wahindi na mizani ilikuwa yao, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wakulima walianza kuajiri watu wao wa kuhakiki mizani, kisha wakaungana. Paul Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 ukazaliwa ushirika mkubwa wa Victoria Federation, ambao wazee bado wanautaja kwa herufi zake tu, VFCU. Ushirika ukanunua viwanda. Mimi naamini, na sijasikia hoja ya kunibadilisha, kwamba bila reli ule ushirika usingefika popote: mkulima akiwa na mnunuzi mmoja na njia moja ya baiskeli hana nguvu ya kugoma.

Reli iliondoka pia na watu. Vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi waliandikishwa manamba kwenda mashamba ya mkonge, wengine Kimamba na Kilosa, wengine mbali zaidi Tanga. Wapo waliorudi na baiskeli na shuka nyeupe. Wapo ambao habari zao ziliishia kwenye barua moja.

Baba yangu mdogo alibaki palepale relini. Alikuwa kwenye gengi la matengenezo, na niliwahi kukaa naye likizo kwenye kambi yao ya vyumba vya bati kando ya tuta. Asubuhi, kabla jua halijakolea, mnyapara alilala kifudifudi, shavu juu ya chuma, jicho moja limefumbwa, akatazama reli ilivyonyooka. Akiona imebonyea alinyoosha mkono bila kuinuka: kushoto, kushoto kidogo, hapo. Watu sita wakachomeka mataimbo chini ya taruma, mmoja akaimba, wote wakaitikia na kusukuma kwa pamoja. Mataruma yalikuwa ya chuma, na yakipigwa na jua la saa sita huwezi kuyagusa. Kokoto zilisukumwa chini yake kwa sululu butu hadi zikakaza.

Kazi hiyo haikwisha, na sababu ilikuwa udongo. Mbuga ya Usukuma ikinyonya maji huvimba. Ikikauka hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unaingia hadi gotini. Juu ya udongo wa namna hiyo reli haitulii: masika inainuka hapa, kiangazi inazama pale, na treni ikipita inayumba kama imelewa. Baba mdogo alikuwa akisema reli hii wameilaza juu ya mtu aliye hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilichaguliwa kwenda shule ya sekondari Tabora, nikapewa waranti ya kusafiria. Mabehewa bado yalikuwa na herufi za reli ya Afrika Mashariki, iliyounganishwa mwaka 1948 kwa nchi zote tatu, na ziwani meli kama MV Umoja zilikuwa zikivusha mabehewa mazima yakiwa juu ya reli zake. Lori la pamba lilinifikisha Malampaka na sanduku la bati. Daraja la tatu lilikuwa viti vya mbao, watu, magunia, na kuku waliofungwa miguu chini ya kila benchi. Mayu, mama yangu, alikuwa amenifungia michembe na matobolwa kwenye kitambaa. Mtu asiyejua tofauti ya hivyo viwili amekosa malezi: michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa vimechemshwa kwanza, na matobolwa ndiyo unayoweza kuyatafuna njiani bila moto.

Treni haikuondoka hadi stesheni masta alipompa dereva kibali cha njia, kwa maana reli ni moja na treni mbili haziwezi kuwa kati ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Nilimwona akitoka na taa yake, kofia imenyooka, akitembea polepole kabisa huku treni nzima ikimsubiri. Nilitamani kuwa yeye. Usiku ulipoingia baridi ikaja. Watu wa pwani hawaamini, lakini Juni na Julai usiku juu ya uwanda huu, dirisha likiwa halifungi, unajikunja ndani ya blanketi na bado unatetemeka. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alinifunika nusu ya lubega lake bila kuniuliza jina. Nilimwamkia "shikamoo" asubuhi, wakati tumeshalala bega kwa bega usiku kucha.

Tabora mabehewa hukutana. Yetu ya Mwanza yalisubiri ya Kigoma na ya Mpanda, kisha kichwa cha kupangia mabehewa, bado cha mvuke pale uwanjani, kikaanza kuyasukuma na kuyagonganisha, na kila mgongano uliangusha kitu kutoka juu. Wanawake walipita na asali kwenye chupa za bia. Waha waliteremka, Wamanyema wakapanda, na Kiswahili cha behewani kikabadilika mara mbili ndani ya saa moja.

Mimi niliishia hapo. Safari ndefu ya kwenda Dar es Salaam niliifanya baadaye, nikiwa chuoni, na ndiyo iliyonifundisha kwamba tunaishi juu. Kutoka Tabora unakwenda mchana kutwa juu ya uwanda, miombo kwanza, kisha kichaka cha Itigi kilichosongamana hadi mbuzi hapenyi. Manyoni inafika. Na baada ya Manyoni nchi inaachia. Treni inateremka ukuta wa Bonde la Ufa, mita 400 hivi, ikizunguka na kulia breki hadi Saranda, ambako abiria wote walishuka kununua kuku aliyekwisha kupikwa, na chini zaidi ni mbuga ya Bahi. Inapanda tena hadi Dodoma, mita 1,120, kwenye zabibu. Kisha inaanza kuteremka kwa hakika, Gulwe, bonde la Mkondoa, Kilosa isiyofika mita 500. Pale Kilosa masikio yangu yaliziba na koti likanishinda. Hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu, na abiria mmoja wa Mzizima akavuta pumzi kwa furaha akasema, "Sasa tumefika duniani."

Mteremko ule una historia nzito. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Dodoma ilipata hitilafu ya breki karibu na Igandu, ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ndani yake walikuwamo watu wa mikoa yetu waliokuwa wakirudi nyumbani. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Mkondoa yakaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa muda treni za bara zikawa zinaanzia Dodoma, abiria wakifika hapo kwa mabasi. Sehemu tambarare ya reli yetu iliugua udongo. Sehemu ya kupandia ndiyo iliyoua.

Ya katikati nayapita haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli ikagawanywa, Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 2007 likakabidhiwa mwekezaji, na ubia ule haukudumu hata miaka mitano. Mwaka 2017 shirika likaundwa upya. Katikati ya hayo yote malori yalichukua pamba, mabasi yakachukua abiria, na ghala za Malampaka zikaanza kupauka rangi.

Mwaka 2006 niliona kwenye televisheni kitu ambacho niliwasimulia wanafunzi wangu kwa wiki nzima. Tarehe 1 Julai mwaka huo Wachina walifungua reli ya kutoka Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142 juu ya uwanda wa Tibet, ambayo kwenye kipito cha Tanggula inafika mita 5,072. Hakuna treni ya abiria iliyokuwa imepanda hivyo duniani. Mabehewa yamezibwa, hewa ya oksijeni inapulizwa ndani, na kila abiria ana tundu la kuchomeka mrija akizidiwa. Maji pale yanachemka kwenye nyuzi 83 hivi. Niliwauliza darasani maharage yataiva lini. Jibu la msichana mmoja wa nyuma, "Hayataiva, mwalimu, watakula matobolwa," ndilo bora nililowahi kupata katika somo hilo.

Lakini kimo sicho kilichonishika. Kilomita 550 hivi za reli ile zimepita juu ya ardhi iliyoganda chini mwaka mzima, ambayo tabaka lake la juu linayeyuka kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Ikiyeyuka inazama, ikiganda inainuka. Nilikumbuka mnyapara aliyelala kifudifudi. Ni ugonjwa uleule wa mbuga yetu, dawa ndiyo tofauti. Wachina waliinua reli juu ya nguzo pale palipokuwa pabaya zaidi, na daraja la Qingshuihe peke yake lina kilomita 11.7. Kwingine walichomeka mabomba ya kutoa joto ardhini. Waingereza wa mwaka 1928 walimwaga kokoto na kuajiri watu wa kuzimwaga tena kila mwaka, maisha yao yote. Ilikuwa rahisi kwa sababu mshahara wa baba yangu mdogo ulikuwa mdogo.

Wahandisi wa Kichina hawakuwa wageni kwetu. Kati ya 1970 na 1975 waliijenga TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na kilele chake kiko Uyole karibu na Mbeya, mita 1,789. Sasa wamerudi upande wetu. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, na waliopewa kazi ni kampuni mbili za Kichina. Moja, CRCC, iliwahi kushiriki kujenga ile ya Tibet. Nyingine, CCECC, imetokana na idara iliyosimamia TAZARA. Na reli mpya inapita tena Malampaka. Agosti 2024 kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma kilizinduliwa rasmi, cha umeme, kilichosanifiwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na waliokipanda wanasema masikio yanaziba mapema kuliko zamani kwa sababu treni inapanda upesi.

Nimekwenda kuona tuta jipya. Ni refu kuliko la zamani, mbuga imechimbwa ikatupwa, na mahali pake pakajazwa changarawe iliyoletwa kwa malori. Kwa macho ya mtoto wa gengi hapo wamefanya la maana. Linalonisumbua ni barabara ya kulifikia. Pamba ya Bariadi na Busega ikishapanda lori, dereva hana sababu ya kuishusha Malampaka kama hakuna ghala, mizani na bei ya usafirishaji inayoshinda ya kwenda moja kwa moja Dar es Salaam. Reli ya 1928 ilikuta wakulima hawana njia nyingine. Hii inakuta malori, na malori hayasubiri kibali cha stesheni masta. Stesheni nzuri bila ghala itabeba watu, na hilo ni jambo jema, ila pamba itaendelea kupita barabarani ikivunja lami ambayo tunailipia sisi.

Niliyasema haya kwenye mkutano wa kijiji, kwa ramani na takwimu, kwa zaidi ya nusu saa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mzee jirani yangu, aliyewahi kupakia marobota Malampaka enzi za ushirika, akasimama akaegemea fimbo yake na kutaka kujua kama kwenye treni hiyo ya umeme kuku wataruhusiwa.